Herufi Moja Katika Jina Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umekuachia kidogo, na Mama analikanda goti lake kama alivyoagizwa na daktari, si kama anavyotaka yeye. Huku tu wazima. Mjukuu wako ananenepa, ananyonya kama mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo, na sauti yake wapangaji wa vyumba vyote sita wanaijua. Najua atakayekusomea ni mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu, nakusalimu sana. Soma yote kama yalivyoandikwa. Usiruke, usipunguze makali, na ukifika mahali pa aibu, ujue aibu hiyo si yako.

Baba, ujumbe wako nimeupata. Umeuliza jina lako linanuka nini hata mwanangu amalize wiki tano bila kupewa. Ukasema kama nimeshakuwa mkubwa kuliko ukoo nikuambie tu, usiendelee kusubiri. Ningeweza kukupigia simu, lakini nakujua, ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa. Ndiyo maana nimeketi hapa mbele ya cherehani, kalamu mkononi, na sweta za watu zinanisubiri.

Niseme kwanza kwamba nimechoka. Sikujua kiumbe chenye uzito wa kuku wawili kinaweza kuwagombanisha watu wazima wanne. Kadi yake ya kliniki bado imeandikwa "Mtoto wa kiume wa", halafu jina la mama yake. Kila tukienda kupima uzito muuguzi anauliza kama tayari, na kila mara mke wangu ananitazama mimi. Kwa sasa mtoto anaitwa Bosi, maana hafanyi kazi na wote tunamwogopa.

Mke wangu, kama unavyomjua mkweo, ni mwalimu wa chekechea, na shida yake ni majina ya wengi. Darasani kwake wako Brayani watano. Akimwita mmoja wanasimama watano, akimkemea mmoja wanalia watano. Imebidi wapewe vitambulisho: Brayani Mrefu, Brayani Pengo, Brayani wa Mkoba Mwekundu, Brayani Mtulivu. Wa tano alichelewa kuandikishwa, akakuta sifa zimekwisha, wenzake wanamwita Yule Mwingine. Mke wangu ameapa kwamba mtoto aliyemzaa yeye hatakuwa Yule Mwingine wa mtu yeyote.

Mimi shida yangu ni herufi. Kazi yangu unaijua, nadarizi majina kwenye sweta za shule, na hakuna anayejua ugonjwa wa herufi kama fundi wa kudarizi. Akina Brayani wa shule zote nimewashona kwa namna saba, wenye i, wenye y, na mmoja mwenye zote mbili. Kuna mtoto mwingine anaitwa Kheri. Mama yake alikuja akasema niandike kwa H peke yake. Kesho yake akaja baba yake kutaka Kh. Nikafumua, nikashona. Mama akarudi. Mara ya tatu kitambaa kilitoboka kifuani, nikaambiwa mimi ndiye sijui kazi.

Mama mkwe amekuja kutusaidia kumwogesha mtoto. Analala sebuleni na anatawala nyumba nzima. Yeye alitaka jina la marehemu mumewe. Ni jina zuri, lakini mtaani kwetu limejaa kama nzi. Mke wangu alipomwambia hivyo, mama mkwe akaenda dirishani akaliita kwa sauti mara moja tu, apime. Waliitika wavulana wanne, na mwanamume mmoja mzima aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama kuuliza kuna nini. Tukadhani ameshindwa. Yeye akageuka ameshiba furaha, akasema, "Mmeona? Linaitika."

Shemeji yangu, yule fundi simu, naye hakukaa nyuma. Alileta jina alilolichukua huko kwenye simu zake, lenye z mbili, y katikati, na h mwishoni ambayo anasema haitamkwi. Nikamuuliza, kama haitamkwi imekuja kufanya nini? Akasema inapendezesha. Nikamuuliza linasomekaje. Akajibu inategemea msomaji. Baba, nilitoka nje nikahesabu mpaka ishirini.

Sasa sikiliza jambo ambalo ujumbe wako haukulijua. Ulipotuma neno kwamba ungependa mjukuu akurithi jina, nyumba nzima ilitulia. Mke wangu alilipenda jina lako papo hapo. Miaka kumi na moja ya kufundisha hajawahi kuliita darasani. Mama mkwe alinuna nusu siku, kisha akalitamka mara mbili tatu wakati wa kumpaka mtoto mafuta, akasema halina ubaya. Hata shemeji aliacha z zake. Aliyekataa ni mimi, Baba, mimi peke yangu.

Nilisema litakosewa, watu watachanganya L na R, mtoto atahangaika maofisini maisha yake yote. Nilirudia hivyo asubuhi na jioni mpaka mama mkwe akaanza kumuuliza binti yake kwa kunong'ona kama mimi na wewe tuna ugomvi. Mke wangu akanijibu kwamba majina yote hukosewa, na ndiyo maana vifutio viliumbwa. Mwishowe akasema likizo yake ya uzazi haitaisha tukibishana. Jumanne iliyopita akaninyanyua kwenye cherehani, akambeba mtoto, tukaenda ofisi ya usajili kuliandikisha jina lako.

Tulikaa kwenye benchi tangu milango ilipofunguliwa. Ilipofika zamu yetu nikasogea dirishani peke yangu. Karani alikuwa dada mpole, hana kosa. Nikamtajia jina lako, akaandika, akanionyesha. Ameweka R. Nikamwambia ni L, L ya lala. Akacheka, akarekebisha, akachapa upya. Safari hii L zikawa mbili. Akarekebisha tena, mashine ikarudisha ile ya kwanza, ikatoka karatasi yenye R nene, nyeusi. Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Kaka, ni herufi moja tu. Tupishe na sisi."

Niliichana ile karatasi mbele ya karani, nikakusanya vyetu, nikampita mke wangu kwenye benchi kama simfahamu, nikatoka.

Njiani hakunigombeza. Nyumbani alimkabidhi mama yake mtoto, akafunga mlango wa chumba, akaanza kukunja nepi. Kisha akasema bila kunitazama, "Mtu hachani karatasi ya serikali kwa sababu ya herufi. Umefanya nini?"

Nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia tangu nizaliwe. Nilipofika katikati aliacha kukunja. Nilipomaliza aliiweka nepi kando, akasema, "Mimi hukunikosea. Kamwambie aliyeumia." Basi nakuambia.

Baba, ile fomu yako ya kuajiriwa kule kiwanda cha nyuzi niliijaza mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Najua hujasahau kwamba nilikushikia kalamu, ulijivunia jambo hilo kwa jirani zetu wote. Lakini hujawahi kujua nilichoandika. Wewe ulinitajia jina lako vizuri. Mimi wakati ule nilikuwa nalitamka kwa R, kama watoto wenzangu wote wa mtaani, na nilivyolitamka ndivyo nilivyoliandika. Ukaweka dole gumba chini yake.

Karani wa ajira, yule uliyemlaumu miaka yote, hakukosea, Baba. Alinakili kwenye kadi yako ya kazi nilichompelekea.

Miaka minne baadaye ukafaulu mtihani wa vitendo wa mitambo. Yule mtahini kutoka nje alikuuliza jina kwa mdomo, akaandika L. Makao makuu wakasema cheti ni cha mtu mmoja na kadi ya kazi ni ya mtu mwingine. Ukaenda kula kiapo kwamba majina yote mawili ni yako, karatasi ya kiapo ikapotea ofisini kwao, na usimamizi wa zamu akapewa kijana uliyemfundisha wewe mwenyewe kuunga uzi. Wewe ukabaki kupaka grisi na kufagia pamba chini ya mashine miaka kumi na miwili mingine, mpaka mgongo ukapinda. Jioni ile ulipozimwaga mezani karatasi zote walizokurudishia unionyeshe jinsi karani alivyokuharibia, niliiona fomu ile. Niliuona mwandiko wangu, na ile R yenye mkia niliyokuwa naipenda darasa la nne. Nilijua pale pale. Nikakusaidia kumlaani.

Kuna zaidi. Unakumbuka karani alikuja mlangoni kwetu. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu, na ulikuwa umeacha kuitikia salamu yake. Alikuambia amenakili kilicholetwa, hakuongeza wala hakupunguza. Ulimfungia mlango. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako, na kabla mlango haujafungika alinitazama. Fomu ile aliishika mkononi mwake, Baba. Mwandiko wa mtoto hauhitaji miwani. Nadhani alijua, na angeweza kuninyooshea kidole. Akageuka akaenda zake, akaishi mtaa mmoja nasi miaka tisa akibeba kosa langu, akafa nalo. Ulikataa kwenda kumzika. Mimi nilikwenda, nikasimama nyuma ya watu wote, na hata pale sikusema.

Nilikuogopa mwanzoni, siwezi kukataa. Baadaye nikiwa mtu mzima niliogopa kitu kingine, kwamba ungenisamehe haraka kwa sababu nilikuwa mtoto, halafu ukabaki kifuani na lile ulilomtendea karani, bila mahali pa kulipeleka. Kila mwaka niliona nimechelewa kusema kuliko mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo jina lako halinuki, Baba. Nililikataa kwa sababu lilishapita mkononi mwangu mara moja, na uliona lilivyotoka.

Jana asubuhi nilirudi ofisini. Nilimwomba radhi yule dada. Nililiandika jina lako kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kama ninavyochora kabla ya kudarizi, nikamwomba anisomee kwenye mashine yake herufi moja moja. Alisoma mpaka mwisho, na foleni ikasubiri. Ni L. Cheti kitatoka baada ya wiki mbili. Lakini kama baada ya kuyasikia haya huoni sawa jina lako libebwe na mtoto wa mkono huu, nitumie neno kabla ya hapo. Nitalibadilisha, na sitakuuliza sababu.

Mwisho wa mwezi nitakuja, nikijaliwa. Kabla sijafika kwako nitapita nyumba ya tatu, kwa mjane wa karani, nimwambie mbele ya watoto wake kwamba mume wake alikuwa mkweli. Sikuombi unisindikize. Nimeona tu usilisikie kwa watu kwamba nilianzia kule.

Mpe Mama salamu zangu na umwambie mafuta ya kukandia goti nitamletea. Wasalimie majirani wanaoniulizia. Mkweo anakuamkia. Mama mkwe naye anakusalimu, na anasema jina hili alilipitisha yeye. Mtoto ameamka sasa hivi na analia. Bibi yake anambembeleza ukumbini, anamwita kwa jina lako, na L anaivuta mpaka inasikika uani.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Fundi.