Tonton, Nimeigusa Lugha Yako

Tonton Faustin, mjomba wangu,

Nimeigusa. Ile lugha uliyotunga ili manesi waiulize kompyuta majina ya watoa damu, nimeigusa.

Sheria yako ilikuwa moja: mashine isome kuanzia kushoto. Nesi akiandika "O ao A na Makiso", itafute kwanza watu wote wa damu O au A, kisha ibakize wakaaji wa mtaa wa Makiso tu. "Mutu anasoma vile anatembea, mbele tu," ulikuwa unasema, ukicheka. Manesi wa zamani wamezoea hivyo. Lakini vijana wamefundishwa shuleni kwamba "na" huunganisha kwanza, kabla ya "ao". Kwao maneno yaleyale ni O wa popote, pamoja na A wa Makiso.

Juzijuzi mama mmoja alivuja damu baada ya kuzaa. Kijana aliuliza kwa namna yake, na mashine ikamficha mtu wa O anayekaa mtaa wa Tshopo, jirani kabisa na hospitali. Maman Aziza, nesi mkuu, ndiye aliyemkumbuka akamwita. Yule mama alipona. Je, kama Maman Aziza asingekuwa kazini?

Basi ilibidi kubadilisha. Ila Tonton, ningegeuza tu, maswali ya zamani yangebadilika maana kimyakimya, watu waitwe kutoka mbali kule Bangboka huku mgonjwa anangoja. Nikakumbuka ukisema: "Usivunje kazi ya mutu sababu kazi yako iko mupya."

Kwa hiyo kila swali lililohifadhiwa nimelitilia mabano, libaki na maana uliyolipa wewe. Swali jipya linalochanganya "ao" na "na" bila mabano, mashine inalikataa kwanza na kumwomba mwenyewe afafanue. Usomaji mpya utakuja baadaye, watu wakishazoea.

Jana asubuhi nilisimama nyuma ya Maman Aziza. Akafungua swali lake la zamani. Majina yakatoka yaleyale. Akanigeukia: "Bon, umebadilisha nini sasa? Mi naona iko ileile."

Nilitoka nje, nikalia. Ni wewe niliyetaka uyasikie maneno hayo.

Hofu haijaisha. Zahanati ya Yanonge bado ina nakala yako ya kwanza, na sijui kuna maswali gani ndani yake. Kesho nashuka mto nikayaone kwa macho yangu.

Pumzika kwa amani, Tonton. Nakuahidi: usomaji wako sitauondoa mpaka nesi wa mwisho awe ameuelewa ule mpya.

Mutoto wako,
Béa