Kishikwambi Kilichomzika Opanin Akiwa Hai

Maame Dufie mpendwa,

Nisaidie, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana nusu ya mji huu wa Kumasi wameshanicheka na sina tena mahali pa kuweka kicheko kingine. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina kibanda mkabala na geti la mochwari, kazi yangu ni kutengeneza vijitabu vya mazishi na huu ni mwaka wa kumi na mbili, ukifiwa unaniletea picha na majina, mimi naandika wasifu wa marehemu, naandika salamu za watoto na wajukuu na kwaya, napanga majina ya ukoo kila mtu kwa heshima yake, napeleka kwa mchapaji, na Jumamosi watu wanajipepea nacho uwanjani huku wakisoma. Kazi yote hiyo nimeifanya kwa laptopu moja kuukuu ambayo kitufe cha K kiling'oka zamani nikawa nakibonyeza kwa ncha ya kalamu, na wewe unajua sisi Waasante bila K hatuna majina, lakini laptopu ile haikuwahi kuniaibisha hata siku moja.

Mwaka huu ikaanza kujizima yenyewe. Kaka yangu Yaw, aliyeko Hamburg, akaniuliza anitumie nini, nikamwambia laptopu, nikarudia, Yaw, laptopu, hata iliyotumika, naye akasema nimesikia dada. Mzigo ukafika, mama akaufungua mbele ya majirani, ndani mna kishikwambi. Kioo kitupu! Nikampigia.

"Yaw, hiki ni nini?"

"Dada, mbona uko nyuma hivyo? Huku hakuna anayebeba laptopu tena, hayo mambo ya wazee. Hata daktari wangu anazunguka wodini na kishikwambi mkononi."

"Daktari wako anaandika majina mia mbili ya ukoo?"

"Ni kitu kilekile, kimepunguzwa uzito tu. Na umeme ukikatika kinakaa siku nzima. Utanishukuru."

Zawadi iliyotoka Ulaya unaikataaje wakati mama ameshaitangaza hadi kanisani, nikaamka alfajiri nikampigia tena kumshukuru kama desturi inavyotaka, na Mungu anisamehe, wiki ileile nikampa fundi laptopu yangu aivunje atoe vipuri.

Maame Dufie, kuandika juu ya kioo ni mateso, vidole vinateleza, vitufe vinatokea na kuziba nusu ya ukurasa, ukitaka kusogeza jina moja unasogeza ukoo mzima, lakini nikajikaza, nikasema labda kweli mimi ndiye mshamba. Ndipo ikaja kazi ya bibi mmoja wa miaka tisini na mmoja, mazishi makubwa, mkuu wa ukoo ni kaka wa huyo marehemu, Opanin Kwasi, mzee wa heshima, mkali, anatembea mwenyewe bila fimbo. Majina nikayapanga safu mbili, kushoto ndugu walio hai, Opanin juu kabisa, kulia ndugu waliotangulia mbele ya haki. Kwenye kioo kulipendeza. Alhamisi jioni akaja mama mdogo wa familia kukagua, na siku zote mimi huchapa nakala moja ya karatasi, mtu wa familia anaisoma kwa sauti kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho kisha anatia sahihi, lakini siku hiyo nilimpa kishikwambi akague humohumo, naye akaanza kuikuza picha ya marehemu kwa vidole, anaicheka, anaililia, "Tazama ngozi ya dada yangu! Tazama hereni!" na majina hakuyasoma hata moja. Nikatuma kwa mchapaji. Kumbe kule kwenye kompyuta yake safu zangu mbili zilivurugika zikawa moja, kichwa cha habari cha waliotangulia kikapanda juu ya majina ya walio hai, na wa kwanza kabisa kwenye orodha ya wafu akawa Opanin Kwasi.

Nakala mia nne.

Jumamosi nilikuwepo uwanjani, nimekaa nyuma na waakye yangu, wali na maharage, mapajani. Opanin amekaa mbele na kitambaa chake chekundu na cheusi, watu wamepanga mstari kumpa mkono wa pole, mtu akampa kijitabu, akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Akauliza kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, "Nani kanizika? Na mbona sikualikwa?" Watu wakadhani ni utani, wengine wakacheka, naye akasimama, akakisogeza kiti chake nyuma. "Maiti haipokei pole," akasema, akaondoka. Ukoo bila mkuu hauwezi kupokea wageni, kwa hiyo mstari ule wote ulisimama juani saa nzima, kwaya imekatika katikati ya wimbo, wazee wanamkimbilia Opanin barabarani, na binti mmoja akanyoosha kidole mpaka nilipokaa, "Ni yule pale, yule anayekula!"

Jumatatu akaja mjumbe wake. Jumapili hii, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku aliyozaliwa Opanin, niende nyumbani kwake na kondoo, mayai, viazi vikuu vya kupondwa kwa mafuta ya mawese, na chupa mbili za pombe kali ya schnapps, roho yake ioshwe kifo nilichomvalisha. La sivyo atakwenda kwa chifu, na hakuna familia itakayonipa tena marehemu wake. Tangu siku hiyo wateja wanapita mbele ya kibanda changu kama hawakioni, wanaingia kwa yule kijana wa ng'ambo ya barabara mwenye laptopu, na wauza maji wananiita Mama Tangulia.

Kilichonichoma kuliko vyote ni kaka yangu. Nilipomwambia, alisema, "Dada, shida si kishikwambi, shida ni mkono wako. Mtu wa kizamani ukimpa kitu cha kisasa anakiharibu." Mimi! Miaka kumi na miwili sijakosea hata tarehe! Nikasema basi nakiuza ninunue laptopu, mama akaja juu, "Ukiuza zawadi ya kaka yako umemuuza kaka yako," na kumbe mama ana lake, kila jioni anakichukua kuongea na Yaw kwa video, anakibusu, mpaka kioo kimejaa mafuta yake ya kujipaka ya shea na mimi nasubiri amalize ndipo nifanye kazi.

Je, ni kweli mimi ndiye sijui kukitumia, au kishikwambi si kitu cha kununua badala ya laptopu? Na nikikiuza nitakuwa nimekosa? Nijibu kabla ya Jumapili, na tafadhali usinitaje jina.

Ni mimi,
wa geti la mochwari

*

Wewe wa geti la mochwari,

Jina lako sitalitaja, ingawa mtu aliyemzika Opanin mbele ya umati wa watu hana haja ya kutajwa. Uliniomba nisicheke. Nilishindwa pale kwenye waakye. Baada ya hapo nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo kaa vizuri.

Naanza na huyo kaka yako. Yaw, kama unasoma huko Hamburg, na najua utasoma, maana mama yako atakuonyesha: nani alikuambia uchague? Mtu amekuambia laptopu. Hakusema "nitafutie kitu kizuri." Alitaja kitu chake kwa jina, kama fundi seremala anavyotaja randa, nawe ukamletea kioo kwa sababu umemwona daktari nacho. Daktari anatia alama mbili tatu na kupita, dada yako anakaa saa sita anapanga watu walio hai na waliokufa, na akikosea mstari mmoja ukoo unasimama juani. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Halafu mambo yakiharibika unamwambia shida ni mkono wake! Mkono uliobonyeza K kwa kalamu ukaandika Kwasi na Kwame na Akua wote wa mji huu bila kosa? Ona aibu, bwana.

Sasa wewe. Umenieleza mambo ya kioo kinachoteleza kwa ukurasa mzima, lakini kosa lako umelipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya mkwewe na sigara. Hukuchapa nakala ya karatasi. Haikusomwa kwa sauti. Haikutiwa sahihi. Mimi kabla ya kuandika safu hii gazetini nilikaa miaka ishirini na mashine ya taipu mbele ya mahakama, na nakuambia, hakuna karatasi iliyotoka mezani kwangu bila kusomwa na macho mengine mawili. Kishikwambi kilivuruga safu, sawa. Aliyeziacha zitoke vile ni wewe, kwa sababu mama wa watu alifurahia hereni nawe ukamwonea haya kumwambia "mama, achana na picha, soma majina." Na kumpa fundi laptopu yako kabla hujaandika kijitabu hata kimoja kwa hicho kipya? Usiache mbachao kwa msala upitao, hukuambiwa?

Swali lako nalijibu bila kuzunguka. Kishikwambi si kitu kibaya. Mchungaji anayesoma mahubiri, kinamfaa. Muuza vitambaa anayeonyesha picha za mitindo, kinamfaa sana. Mwanafunzi wa kusoma na kutazama masomo, haya. Na kweli, umeme ukikatika kinavumilia. Lakini anayeandika mengi kila siku, anayepanga safu, anayefungua kazi tatu kwa pamoja, anayepokea flashi za wateja na kupeleka kazi kwenye kompyuta ya mtu mwingine ikafike kama ilivyoondoka, huyo anataka laptopu. Utaniambia kuna kibodi ya kuongezea. Ipo, mpwa wangu anayo. Alinunua kibodi, akanunua kipanya, akanunua kisimamio, mwisho wa yote amenunua laptopu vipande vipande, na bado safu zinamvurugikia.

Kwa hiyo nunua laptopu iliyotumika kwa mafundi wa mtaa wa Asafo. Usiende na maneno ya mtu, nenda na flashi yako yenye kijitabu kizito kuliko vyote ulivyowahi kufanya. Kifungue pale pale dukani, andika majina hamsini, bonyeza kila kitufe, hasa K. Muuzaji akinuna, ondoka. Na kuanzia leo, hata ukiletewa mashine inayoandika yenyewe, nakala ya karatasi inasomwa kwa sauti au kazi haitoki.

Kishikwambi usikiuze. Si kwa sababu ya yale maneno ya kumuuza kaka, maneno hayo nimeyasikia kwa kila mama mwenye mtoto Ulaya. Usikiuze kwa sababu si chako tena. Soma barua yako mwenyewe. Nani anakibusu? Mafuta ya nani yako juu ya kioo? Mama yako hajamgusa mwanawe miaka mingapi? Kifaa kimeshampata mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa unakiazima.

Jumapili nenda. Nenda alfajiri, na kondoo awe amelishwa, usimpelekee mzee kondoo wa mbavu. Mtafute mtu mzima akusemee, wewe nyamaza. Ukianza kumweleza Opanin habari za safu na kompyuta ya mchapaji atajua hujatubu. Neno lako ni moja tu, na umwite kwa cheo cha heshima, "Nimekosa, Nana."

Lakini hukukosa peke yako, na kwetu binti haendi kuomba radhi bila ndugu yake wa kiume kusimama kando yake. Wewe unaye ndugu, na anapenda mambo ya kisasa. Mchukue mama yako, mwambie abebe kishikwambi. Mkifika uani, kondoo akiwa mbele ya Opanin, mpigieni Yaw kwa video. Mwambie avae vizuri. Mwambie asimame. Kisha mama amgeuzie Opanin kioo, na mzee akivaa miwani yake, mwacheni amwambie Yaw kwa mdomo wake mwenyewe kwamba yeye yu hai.

Mkimaliza, kifute mafuta ya shea, umrudishie mama yako. Jumatatu uende Asafo.

Maame Dufie