Bei ya Kichwa cha Landon

Willow Ridge, Saskatchewan
9 Januari 1996

Mpendwa Dada Daria,

Leo nimeapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba angependa yasitoke nyumbani. Kwanza pokea salamu zetu. U mzima? Umeuzoea mji huo mpya? Sisi tuko salama, ila Mama ana mafua na gari haliwaki kwa baridi.

Unamkumbuka Landon Wiebe, nahodha wa timu yetu ya hoki ya barafu tunayemlea tangu alipokuja akiwa na miaka kumi na sita. Sasa analala chumba chako. Mama humpikia perohi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye viazi ndani, na humwita mwanangu. Baba, kwa umeneja wake wa timu, alimtazama kama mkulima atazamavyo ngano: asivune mapema, asingoje mvua ya mawe. Kombe hatulipati mwaka huu, kwa hiyo Landon alipaswa kutolewa kwa timu nyingine, nasi tupewe wachezaji wachanga, kabla dirisha la uhamisho halijafungwa kesho. Novemba timu zilikuwa zikimgombea, Baba akasema, "Bado. Akacheze kwanza mashindano ya dunia ya vijana, arudi na medali. Bei itapanda yenyewe."

Alirudi na medali, na bei ikapanda. Lakini mchezo wake wa kwanza hapa aligongwa ukutani, kichwa kikatangulia. Tangu hapo havumilii taa. Juzi alimimina maziwa hadi yakafurika mezani, naye anatazama tu. Mama akasema apelekwe hospitali. Baba akamjibu huku anapaka mkate siagi, "Hospitali wakijua, kila timu itajua. Kichwa kitapona, mke wangu. Bei ikianguka haiponi." Kisha akamgeukia Landon akicheka, "Au vipi, bingwa? Mafua tu ya Mama haya, siyo?"

"Mafua tu, mzee," akaitika Landon, macho ameyafumba.

Nilikiacha chakula. Sijawahi kuchukia hivyo kuitwa binti wa mtu. Nilipomfuata Landon ukumbini nikamsihi aseme ukweli, alinikaripia, "Wewe Larisa, usiniharibie! Huko niendako wanalitaka kombe. Nikikaa nje sasa, nani atanikumbuka?"

Sasa lile lililonifanya niandike. Jana, kwa simu ya shuleni, nilimpigia meneja wa timu ya huko kwenu, ambayo ilikuwa ikimtaka, nikamweleza yote. Niliamini atakasirika na kumwacha. Alinishukuru kwa upole, hata akaniuliza Mama hajambo. Jioni simu ya nyumbani ikalia, nikamsikia Baba akifoka, "Tulisema vijana watatu! Leo unaniambia mmoja?" Halafu akasema, "Haya, mchukue."

Hawakumwacha, Dada. Walimpata kwa bei nafuu. Ukweli wangu waliutumia kama mnunuzi anayeonyesha kutu kwenye trekta, kisha analipanda na kuliendesha. Nilisikia kinyaa kwao, kwa Baba, na kidogo kwangu mwenyewe.

Landon amepanda basi la kuja huko asubuhi hii, miwani ya jua usoni. Mama amemfungia chakula, akalia. Wanataka acheze Ijumaa ya wiki ijayo.

Mama anakusalimu sana. Baba pia, amesema nikuandikie hivyo. Mimi bado naamini yuko mtu mmoja huko asiyetaka chochote kutoka kwa Landon. Nijibu mara upatapo barua hii: utakwenda kumchukua, umpeleke kwa daktari kabla hawajamvalisha viatu vya barafu?

Mdogo wako akupendaye,
Larisa