Upepo Niliouficha

Dada Nafula, hamjambo nyumbani? Dubai bado kuna ubaridi wa Machi, nami naandika kwa aibu.

Mzee Opio, Mganda anayelinda jengo letu, alikuwa anarudi kwao kabisa. Wenzake wakataka kumuaga kwa kumpeleka kuvua samaki. Mimi ndiye ninayepanga safari za boti, hivyo akaniuliza, "Ijumaa bahari itakuwaje?" Nilishaona utabiri wa upepo mkali, lakini sir, bosi wangu mwenye boti, hapendi boti ikae bure.

"Shwari, mzee."

Walirudi baada ya saa moja, wametapika wote, bila kutupa hata mshipi mmoja majini. Nikamwomba radhi. Mzee akanishika mkono: "Wewe ungejuaje, mwanangu?"

Jana alisafiri bila kujua kwamba niliuona utabiri.

Usimsomee mama kadi hii. Nakupenda, wakumbatie watoto.

Wafula