Kikopo cha nyuma ya ukumbi

Namur, Ubelgiji, tarehe 3 Septemba 2023

Papa wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na vile visamaki vya sambaza havikunuka njiani. Goti lako linasemaje? Usipande tena juu ya bati kuziba matundu, kanisa lina vijana.

Kikopo chetu tayari kinaonekana kwenye ramani, dunia nzima! Mtu yeyote anayecheza mchezo huu wa kutafuta vikopo vilivyofichwa akifika Bukavu, simu yake itamleta mpaka mtaa wetu wa Kadutu, nyuma ya ukumbi wa kanisa letu, kwenye tofali lililolegea. Atakitoa, ataandika jina lake kwenye karatasi, atakirudisha. Nilitaka watu wauone ukumbi ambao wewe umeulinda miaka thelathini na moja na ambamo marehemu mama aliimba. Ndiyo maana nilikuomba uandike jina lako kabla ya watu wote, na nikaweka kifungo cha nguo yake ya kwaya.

Kumbuka tulivyopatana: usimwambie mtu. Siri ndiyo mchezo wenyewe. Ukiulizwa, hujui kitu.

Binti yako,
Sifa

Bukavu, tarehe 14 Januari 2024

Binti yangu Sifa,

Nakusalimu sana. Sisi tuko wazima, isipokuwa goti, ambalo sasa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Masomo yanaendaje? Baridi isikuchezee, vaa soksi mbili.

Wageni wako wanakuja kweli. Watatu mpaka leo. Wanazunguka ukumbi wakitazama simu kama watu waliopoteza mbuzi, na mimi ninafagia kama sioni. Ninacheka peke yangu. Maman Euphrasie, kiongozi wa kwaya, alinikuta nikikausha karatasi baada ya mvua. Nisamehe, yule alikuwa rafiki wa mama yako, nikamwambia. Akaandika jina lake naye, akaapa kunyamaza.

Eulalie, jirani yetu, ndiye anayepiga picha barua hizi na kukutumia kwa simu yake. Anakusalimu.

Papa wako

Bukavu, tarehe 19 Mei 2024

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Mimi mwili ni mzima.

Maman Euphrasie alifariki wiki ya Pasaka, tumbo, siku nne tu. Kisha juzi mafundi waliokuja kupiga lipu ukuta wa nyuma walitoa tofali, wakakuta kikopo. Wakakipeleka kwa wazee wa kanisa.

Niliitwa. Mzee Tambwe, mkubwa wa baraza, alikishika kwa kitambaa. Akaniuliza: "Papa Déo, hii kikopo unaijua?" Nikajibu: "Apana, siijue." Nilikumbuka neno lako, Sifa. Nilidhani watakicheka na kukitupa.

Wakafungua mbele yangu. Kifungo cha marehemu mke wangu. Karatasi ya majina. Jina la kwanza langu, kwa mkono wangu, wanaujua kutoka daftari la zamu. Chini, kati ya majina ya wageni wasiowajua, la Euphrasie. Mzee Tambwe akasema: "Sasa ule mama amekufa, na wewe unasema haujue?" Nikasema ni mchezo. "Muchezo ya nani?" Wakasema hiyo ni dawa ya uchawi, ndiyo iliyomuua.

Sikukutaja, kwa sababu jambo hili ni lako, ujitaje mwenyewe. Waandikie wazee barua moja tu. Eleza ramani, eleza wageni. Wewe umesoma, watakusikia. Wana kikao Jumapili ya tarehe 9 Juni.

Papa wako

Bukavu, tarehe 8 Juni 2024

Sifa,

Hujambo? Au unaumwa? Eulalie amenionyesha alama mbili za buluu kwenye simu. Anasema maana yake ni kwamba barua umeisoma, tangu siku ile ile.

Kikao ni kesho. Hata mistari mitatu inatosha.

Papa wako

Bukavu, tarehe 30 Juni 2024

Binti yangu,

Salamu.

Walisema ama niombe msamaha mbele ya kanisa, ama nifukuzwe kabisa na jina langu lisomwe. Nilitaka nizikwe karibu na mama yako, na wimbo wake uimbwe. Basi leo nilipiga magoti, lile goti, mbele ya kwaya, nikaomba msamaha kwa kuficha dawa ya uchawi. Akina mama niliokuwa nikiwafungulia mlango walivuta watoto wao. Funguo za ukumbi wamempa kijana mmoja, Fabien.

Jambo moja zuri: barua ya baraza ya kukuombea msaada wa masomo mwaka huu wameitia sahihi. Mzee Tambwe alisema mtoto asibebe kosa la mzazi wake.

Papa wako

Namur, tarehe 2 Septemba 2024

Papa wangu mpendwa sana,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Nililia kila usiku. Lakini ungenielewa: masomo yangu hapa yanasimama kwenye sahihi ya baraza letu kila mwaka. Kama wangejua kikopo ni changu, wangenifanya mimi ndiye mchawi, na mwaka mmoja tu umebaki. Sasa mambo yamepita. Wiki iliyopita nimeandikishwa rasmi, na jana nimemwandikia Mzee Tambwe kila kitu, pamoja na picha za ramani. Watakurudishia heshima yako, utaona. Furahi, Papa!

Binti yako akupendaye,
Sifa

Bukavu, tarehe 22 Septemba 2024

Sifa,

Barua yako ilisomwa kanisani. Walicheka sana, kicheko cha watu walioponea chupuchupu. Mzee Tambwe alileta funguo mpaka nyumbani, akanikumbatia, akasema: "Papa Déo, juu ya nini haukusema?" Sikuzipokea.

Kikopo wamekirudisha ukutani, kikiwa na karatasi mpya. Wanajivunia wageni. Waliniomba tena niandike jina langu kabla ya wote, nikakataa. Kifungo cha mama yako nimekitoa, kiko mfukoni mwangu.

Umeandika kwamba ningekuelewa. Ndiyo. Kama ungeniambia, "Papa, nibebee hili mpaka Septemba," ningelibeba, na ningepiga magoti nikijua ninamfanyia mwanangu kazi. Hukuniomba. Ulisoma siku ile ile, ukaniacha nidhani barua inakuja. Pale mbele ya kwaya, kila mlango ulipofunguka, niligeuza kichwa nikidhani ni Eulalie na simu yake.

Kesho ninakwenda Walungu kwa ndugu yangu Gentil, kuna shamba la maharage. Huko Eulalie hayupo, na mimi sina simu. Soma vizuri, umalize.

Déogratias