Dawa Niliyoigandisha

Jumapili, Tinde. Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haijanyesha. Nimesahihisha madaftari mawili tu, nikaacha.

Jumanne tulimzika mtoto wa dada yangu Holo, kule Masumbwe. Alikuwa na miezi saba tumboni. Hakuwahi kulia.

Ni mimi.

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea. Holo ana kisukari tangu usichana, anajichoma insulini kila siku. Kwao dawa ilikuwa imeadimika, nikamnunulia Shinyanga mjini. Jua lilikuwa kali siku ile, nikaogopa joto. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Kila mwaka huwakaangia kidato cha tano yai darasani na kuwaambia protini hufanya kazi kwa umbo lake: mnyororo umekunjwa kwa namna yake, na mikunjo hiyo ikiharibika, kazi imekwisha. Ute ulioiva haurudi kuwa mbichi. Basi nikaiweka chupa kwenye friza, katikati ya samaki, nikajiona nina akili.

Joto nililifikiria. Barafu sikuifikiria.

Asubuhi ilikuwa imeganda kama jiwe. Nikaifunga kwenye kitambaa, na hadi nafika Masumbwe ilikuwa imeyeyuka. Nilidhani imerudi ilivyokuwa, kama maji yanavyorudi. Holo aliipokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, mdogo wangu. Asante sana."

Siku ya nne shemeji alinipigia simu. Nilimkuta Holo hospitali, ana dripu mkononi, anahema kama mtu aliyekimbia. Mtoto alikuwa ameshaacha kucheza tumboni. Muuguzi alikuwa anamgombeza, "Umekula nini, mama?" Shemeji, Baba Limi, akadakia, "Wali wa harusini. Nilimkataza." Holo akageukia ukuta.

Niliitoa chupa kwenye mfuko wake, nikaiinua dirishani. Ndani yalielea mabonge madogo madogo, kama unga usiochanganyika. Insulini iliyobaki ilikuwamo bado, haikuvuja hata tone. Ila barafu ilikuwa imevuruga mikunjo yake, ikashikana yenyewe kwa yenyewe. Isingeweza tena kuzishika seli ili ziipokee sukari. Siku zote zile dada yangu alikuwa kama anajichoma maji.

Nikairudisha chupa mfukoni. Hospitali walikuwa na dawa yao, nikajiambia kusema hakubadilishi kitu. Msibani niliwasikia wakweze wakimsema kwamba tumbo lake limemponza mtoto. Nikaendelea kupika.

Jana nilirudi wodini, nikamweleza Holo kila kitu. 

"Kwa hiyo si wali?"

"Si wali, dada."

Akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu mtoto azikwe. Alipotulia akasema, "Kamwambie Baba Limi. Na mama yake. Wote walionisema."

Baba Limi nilimkuta nje, kwenye benchi. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Aliinuka, akaingia wodini, na nilipochungulia nilimwona amekaa sakafuni kando ya kitanda, ameshika miguu ya mkewe.

Amebaki mama mkwe wa Holo. Kesho asubuhi nitamwomba mkuu wa shule ruhusa, niende nikamwambie uso kwa uso.

Holo hajasema kama amenisamehe. Sikumuuliza.