Vikombe Vyenye Ukungu

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji kapandishwa cheo. Sasa ni msimamizi wangu, na leo leo kashapunguza kasi ya mashine yangu. Yangu! Miaka sita naiendesha. Eti vikombe vina ukungu, mteja anataka ving'ae. Nikamweleza: plastiki hii ya mahindi, ya kuoza, ina tabia zake. Ukiisukuma kwa kasi kwenye kalibu ya kikombe, nyuzi zake zinanyooka, fuwele zake, kama punje za chumvi, zinashikana upesi. Ukungu ndio huo, na ndio unaokifanya kikombe kihimili chai. Ukiisukuma polepole inapoa kabla haijajipanga. Akacheka mbele ya wenzangu. Nirudi shule, anasema.

Jumanne, 5 Machi

Vimetoka vinang'aa. Nikamimina maji ya moto kwenye kimoja — kikalegea kama soksi. Nikampelekea. Akasema nimekichezea makusudi. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki changu nimekipikia nyumbani kwangu miaka yote.

Jumatano, 6 Machi

Barua ya onyo. Kosa: kuharibu bidhaa. Ya pili ikija, sina kazi.

Namchukia. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 7 Machi

Kaamuru vikombe vyote vya ukungu visagwe. Nimeficha boksi moja stoo. Mume wangu anataka nimwombe radhi kaka yake, yaishe. Ng'o! Kesho anakuja mteja kuvijaribu vile vinavyong'aa, matroni wa nyumba ya wazee. Sifungui mdomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu — na mkuu asiyesikia je? Kikombe kimlegee mteja mkononi mbele ya meneja. Nitasimama karibu nione vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika stoo, haraka haraka. Matroni hakuja peke yake. Kaja na mzee mmoja, mikono inatetemeka, shali magotini. Huyu ndiye atakayejaribu, anasema, maana ndiye mnywaji. Mzee kanitazama mimi, si wao.

"Mwanangu, hakitaniunguza?"

Shemeji akanijibia: kimepimwa, mzee wangu. Kisha akanituma huku.

Birika limeanza kuchemka, nalisikia. Nikitoa vya ukungu, mzee anakunywa chai yake salama, shemeji anapata oda na sifa zote, na barua yangu inabaki kwenye faili. Nikitoa vinavyong'aa —

Ananiita. Nilete vikombe, wageni wanasubiri. Maboksi yote mawili, la ukungu na la vinavyong'aa, yako hapa miguuni pangu.